Alien (1979): mkataba wa kazi uliowaua watu watano

Mleta uzi

Wakuu, heshima mbele. Uzi huu ni wa Alien, ile ya kwanza kabisa ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Ridley Scott. Nitaisimulia mpaka mwisho, kwa hiyo ambaye hajaitazama na hataki kuharibiwa utamu aishie hapa, akaitazame, kisha arudi tuzungumze.

Ukiwauliza watu kwa nini filamu hii haijazeeka, wengi watakuambia ni lile dude. Dude lenyewe ni kazi ya kiwango cha juu, sibishi. Lakini sinema imejaa madude, na mengi ya miaka ile ukiyatazama leo hayamtishi hata mtoto. Mimi naamini Alien inadumu kwa sababu inahusu watu walioko kazini, na kila anayekufa mle ndani anakufa kwa amri iliyotolewa na ofisi kabla ya safari kuanza.

Yasomeni maandishi yanayotokea mwanzoni. Hayasemi lolote kuhusu vita vya sayari wala shujaa anayekwenda kuokoa ulimwengu. Yanasema hivi: chombo cha kibiashara cha kuvuta mizigo, Nostromo, wafanyakazi, saba, shehena, kiwanda cha kuchakata tani 20,000,000 za mawe ya madini, safari, kurudi duniani. Yamekwisha. Ni hati ya shehena, kama zile zinazopita kila siku mikononi mwa mawakala wa forodha na madereva wa masafa marefu.

Kisha kamera inatembea taratibu ndani ya chombo kilicholala. Korido, mabomba, kofia za marubani zikimulikwa na mwanga wa skrini, vindege vya kuchezea vinavyoinama na kuinuka juu ya meza. Hakuna mtu kwa dakika kadhaa. Watu wanapoamka, wanazungumza nini? Chakula, sigara, baridi, na pesa. Parker na Brett, mafundi wa kule chini kwenye mitambo, wanataka suala la bonasi limalizwe, kwa sababu fungu lao ni nusu ya fungu la wenzao. Kapteni Dallas anawajibu kwamba watapata kilichoandikwa kwenye mkataba, kama kila mtu. Brett anasema ndiyo, lakini kila mtu anapata zaidi yetu. Huwa najiuliza ni filamu ngapi za anga zimewahi kuanza na mgogoro wa mshahara.

Halafu inagundulika kwamba hawajafika nyumbani. Kompyuta ya chombo, ambayo wanaiita Mama, imewaamsha njiani kwa sababu imenasa ishara kutoka kwenye sayari isiyo na watu. Parker anakataa: hiki ni chombo cha biashara, si cha uokoaji, na kazi hiyo haimo kwenye ajira yake. Ndipo Ash, afisa wa sayansi, kwa sauti ya upole kabisa, anawakumbusha kifungu cha mkataba: ishara yoyote inayoelekea kutumwa na viumbe wenye akili lazima ichunguzwe, na adhabu ya kutofanya hivyo ni kupoteza malipo yote. Yote. Parker ananywea.

Hapo, wakuu, filamu imeshaamuliwa. Mayai hayajaonekana bado, na dude halijazaliwa. Lakini watu saba wameshushwa kwenye sayari ile na woga wa kurudi nyumbani mikono mitupu, na mtu yeyote anayekula kwa jasho lake anauelewa woga huo bila kutafsiriwa.

Kane, mmoja wa walioteremka kuichunguza ishara ile, anarudi na kiumbe kimemganda usoni. Ripley, ambaye wakati ule ndiye mwenye mamlaka ndani ya chombo kwa kuwa kapteni yuko nje, anakataa kufungua mlango. Kanuni inataka karantini ya saa 24. Ash anabonyeza kitufe na kuufungua. Ukiitazama mara ya kwanza unamwona Ripley katili na Ash mwenye huruma. Ukirudia, unaona kwamba Ripley pekee ndiye aliyekuwa akiwalinda wote, na kwamba Ash alikuwa akitekeleza kazi aliyotumwa. Baadaye Dallas anataja jambo hili kama vile si kitu: amewahi kusafiri mara tano na afisa mwingine wa sayansi, na siku mbili kabla ya kuondoka akabadilishiwa, akaletewa Ash.

Kisha Ripley anaingia kwenye chumba cha Mama na kusoma amri yenyewe: kiumbe kiletwe, mengine yote yaje baada ya hapo, wafanyakazi wanaweza kupotezwa. Ash ni roboti. Na mwajiri aliyemtuma hatumwoni hata mara moja. Hana sura wala sauti. Wanamtaja kwa neno moja tu, Kampuni.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba Ash hakuwamo kwenye andiko la mwanzo la Dan O'Bannon, aliyeibuni hadithi pamoja na Ronald Shusett. Aliongezwa na watayarishaji Walter Hill na David Giler walipolipitia upya, na O'Bannon hakulipenda wazo hilo. Hapo mimi niko upande wa Hill na Giler moja kwa moja. Bila Ash tungebaki na hadithi ya watu waliopatwa na balaa kwa bahati mbaya. Ash ndiye anayeifanya kuwa hadithi ya watu waliouzwa.

Karibuni tujadili.

Kijana wa Kideo

Mkuu, bandiko limeshiba. Ila dude umelipita haraka mno! Mimi kile kipande cha mezani, Kane anapopasuka kifua, mpaka leo nikila na watu na mmoja akikohoa naangalia pembeni. Tueleze walivyolitengeneza.

Mleta uzi

Ndugu yangu, hilo lina mambo mengi, ngoja nikae sawa.

Dude ni kazi ya H.R. Giger, msanii wa Uswisi. O'Bannon alimfahamu Paris katikati ya miaka ya 1970, walipokuwa wameajiriwa kwenye mradi mkubwa wa filamu ambao haukufika popote. Scott alipofunguliwa kitabu cha michoro ya Giger akaona picha iitwayo Necronom IV: kiumbe mwenye kichwa kirefu kilichochongoka kwenda nyuma, nusu mfupa, nusu bomba la mashine. Akasema hiki hapa. Uamuzi mwingine wa busara ulikuwa kugawa kazi. Kila kitu cha kiumbe na cha sayari yake kilichorwa na Giger. Kila kitu cha wanadamu, yaani chombo chao, vitufe vyao, alama zao za milangoni, kilitoka hasa kwa Ron Cobb. Ndiyo maana Kane na wenzake wanapoingia kwenye kile chombo cha ajabu kilichoanguka, jicho lako linakataa. Mkono uliochora pale si ule uliochora Nostromo, na unahisi hivyo hata kama hujui habari za wachoraji.

Sasa, aliyelivaa lile dude. Huyu nataka kila mtu humu amjue. Anaitwa Bolaji Badejo, Mnigeria, mzaliwa wa Lagos. Alikuwa mwanafunzi wa sanaa London, kijana mwembamba mwenye urefu wa karibu sentimita 208, na hakuwa mwigizaji. Mtu wa kutafuta waigizaji alimwona baa, akampeleka kwa Scott. Walikuwa wanahitaji mwili ambao mtazamaji hawezi kuamini kwamba ndani yake kuna binadamu, na miguu na mikono ya Badejo ilikuwa mirefu kiasi hicho. Alifundishwa tai chi na uigizaji wa bila maneno ili ajifunze kusogea polepole. Kwa kuwa vazi lilikuwa na mkia asingeweza kukaa kwenye kiti, wakamtengenezea bembea ya kupumzikia. Vipande vya hatari walifanya wataalamu wa kuruka na kuanguka, lakini ule mwendo wa kunyanyuka taratibu kama mtu anayeamka usingizini ni wake.

Hakucheza filamu nyingine yoyote. Alifariki 1992 kwa maradhi ya selimundu, hajatimiza miaka 40. Mwili wa Mwafrika mmoja ndio uliolipa umbo zimwi linalojulikana zaidi katika sinema za anga, na watu wanaweza kuitaja filamu hii maisha yao yote bila kulitaja jina lake. Inaniuma.

Kuhusu kile kipande cha mezani: waigizaji walikuwa wamesoma andiko, walijua kitu kitatoka kifuani mwa John Hurt, anayemcheza Kane. Wasichojua ni wingi wa damu. Waliingia kwenye seti pale Shepperton, Uingereza, wakakuta wahudumu wa kamera wamevaa makoti ya mvua na kuna harufu ya matumbo ya wanyama yaliyoletwa kwa ajili ya kazi hiyo. Bomba lilipofunguka damu ikampiga usoni Veronica Cartwright, anayemcheza Lambert, akaanguka nyuma. Ule mshtuko mnaouona ni wa kweli kabisa.

Na angalia kinachofuata. Kiumbe kile kidogo kinakimbia, na kuanzia hapo mpaka mwisho hulioni dude kamili zaidi ya nukta chache chache. Mkono, taya, mkia unaopita. Filamu inakaribia saa mbili, na dude lililokomaa linaonekana kwa dakika zisizozidi nne hivi ukizijumlisha. Mengine yote umejitisha mwenyewe.

Baharia wa Kilindini

Kaka mleta uzi, mimi ni mtu wa melini, na nataka niongeze kitu ambacho watu wa nchi kavu huenda wasikione.

Baharini, nahodha akipata ishara ya chombo kilicho hatarini, ana wajibu wa kwenda kusaidia. Ni sheria ya kimataifa, iko kwenye SOLAS, mkataba wa usalama wa maisha baharini, na kabla ya sheria ilikuwa desturi ya mabaharia wote. Hakuna anayetishiwa mshahara, kwa sababu kila mtu anajua kesho ni zamu yake. Kwenye Alien wamechukua wajibu huo mtakatifu wakaugeuza kuwa kifungu cha kibiashara. Na ubaya ni kwamba ile ishara si ya kuomba msaada hata kidogo. Ripley anaichambua wenzake wakiwa wameshaondoka, anagundua inaelekea kuwa onyo. Anataka kuwafuata kuwaambia, Ash anamtuliza: wakifika watajua wenyewe.

Halafu maisha ya melini wameyapata sawasawa. Watu wa juu na watu wa injini hawana mazungumzo yale yale. Parker na Brett wanavyomfungulia Ripley mvuke ili asisikie vizuri akiwa kule chini, hayo nimeyaona kwa macho yangu. Hata jina Nostromo limetoka kwenye riwaya ya Joseph Conrad, naye alikuwa baharia kabla ya kuwa mwandishi.

Mleta uzi

Baharia, asante sana. Hilo la wajibu kugeuzwa kuwa kifungu sikuwahi kulisikia likisemwa hivyo, na limeipa hoja mguu ambao haikuwa nao.

Nami niongeze kuhusu Parker. Yaphet Kotto, mwana wa mhamiaji kutoka Cameroon, anamcheza kama mtu ambaye ameshazoea kutosikilizwa na ameamua kusema tu. Dude linapomkamata Lambert, Parker ana silaha ya moto mkononi na anaweza kuunguza. Hapigi, kwa sababu Lambert yuko katikati. Anakwenda mwili kwa mwili. Yule aliyelalamikia pesa filamu nzima ndiye anayekufa akimtetea mwenzake, na Kampuni ilikuwa imeshaandika kwamba yeye na mwenzake wote wawili hawana thamani.

Binti Tanga

Shikamooni wakubwa. Mbona mmemweka Ripley pembeni? Kwangu mimi yeye ndiye sababu.

Sisi tuliokulia kwenye video tunajua sheria: steringi hauawi. Unakaa, unamtambua steringi dakika ya tano, unapumua. Hapa steringi ni nani? Jina la kwanza kwenye orodha ya waigizaji ni Tom Skerritt, yule kapteni, mwanaume mwenye ndevu na sauti ya utulivu. Kila mtu alimwekea yeye. Anaingia kwenye njia za hewa na silaha, na anatoweka kabla filamu haijaisha. Sigourney Weaver, anayemcheza Ripley, mwaka ule hakuwa na jina kwenye sinema. Kwa hiyo mtazamaji wa 1979 alikaa kitini bila steringi, yaani bila ulinzi wowote.

Na Ripley hakuandikwa kama "mwanamke wa filamu". O'Bannon aliandika kwamba nafasi zote zinaweza kuchezwa na mwanaume au mwanamke. Ndiyo maana hamna mapenzi, hamna kuokolewa na mtu, hamna kulia begani. Ana cheo, anajua kanuni, anasema hapana. Angesikilizwa pale mlangoni, Kane angekufa nje na wengine wangefika nyumbani. Mimi nafanya kazi kwenye maabara ya hospitali, kanuni za karantini nazijua, na namna watu wanavyomkasirikia anayezisimamia naijua pia.

Mleta uzi

Marahaba, dada. Umenimaliza kwa hilo la steringi. Ni kweli kabisa, na linaungana na hoja ya kazi: kwenye Nostromo hakuna shujaa kwa sababu kazini hakuna shujaa, kuna zamu na vyeo, na aliyebaki mwisho ni yule aliyeshika utaratibu.

Kijana wa Kideo

Sasa mbona mimi mara ya kwanza iliniboa? Niliitazama kwenye kibanda umiza, ile yenye mtafsiri anayesimulia juu ya picha, nikaona watu wanatembea tembea tu. Niliirudia ukubwani kwenye kompyuta, usiku, masikioni nimevaa spika, ndipo ikanishika.

Mleta uzi

Watafsiri wale nawaheshimu sana, wametulea, na filamu ya ngumi na bunduki wanaipandisha thamani. Lakini Alien imejengwa kwa ukimya. Brett anapomtafuta paka kwenye kile chumba kirefu chenye minyororo, kuna maji yanayodondoka na minyororo inayogongana, basi. Anasimama, anavua kofia, anaacha maji yamdondokee usoni. Ni mtu aliyechoka anayejipoza dakika moja katikati ya zamu. Sauti yoyote ya pili ikiingia pale, kitu kinavunjika. Muziki wenyewe wa Jerry Goldsmith unajificha sehemu kubwa.

Mzee wa Skrini

Mimi napinga kidogo. Inaonekana ya zamani, tusidanganyane. Skrini za maandishi ya kijani, vitufe vikubwa kama vya lifti, kompyuta inayowaka taa ukuta mzima. Leo simu ya mkononi ina akili kuliko Mama. Filamu ya wakati ujao ikiwa na vifaa vya kizamani inadumu vipi? Na kama ni burudani, ile ya pili ya James Cameron ya 1986 inaipita.

Mleta uzi

Mzee wangu, kuhusu ile ya pili: ni filamu nzuri sana, naipenda, lakini ina wanajeshi. Mwanajeshi anakwenda akijua kuna adui, na ana bunduki. Woga wake ni wa aina nyingine. Tuiache, ina uzi wake.

Kuhusu vifaa, hapa tutofautiane. Scott na watu wake hawakujaribu kutengeneza chombo kinachong'aa. Walikusanya chakavu za ndege wakazibandika ukutani, wakaishusha dari mpaka waigizaji wanainama, na vyumba vingi vikaunganishwa kiasi kwamba ukitaka kwenda mwisho wa seti unapita korido zake kweli. Chombo kinaonekana kimetumika miaka mingi na mwenyewe hataki kukikarabati. Sasa niambie, ni wapi umeona vifaa vya kisasa zaidi vikipelekwa kwa watu wa mizigo? Ofisi kuu ina kompyuta mpya, ghala lina ile ya zamani iliyofungwa na gundi. Zile skrini za kijani zinakaa vizuri kwa sababu ni za mwajiri bahili.

Na hilo la akili za mashine ndilo linaloirudisha filamu mezani miaka hii. Watu wanamtazama Ash wanasema, tazama hatari ya roboti. Mimi naona tuangalie alikotoka. Ash hakuasi. Alitii mpaka mwisho. Mama naye hakudanganya. Ripley alipouliza kwa mamlaka yake, alijibiwa. Kilichowaua ni kwamba mashine zote mbili zilikuwa na mwajiri mmoja, na mwajiri huyo hakuwa wale waliosafiri nazo. Nikisoma leo mijadala kuhusu programu za namna hii, swali la kwanza ninaloliona linarukwa ni hilo hilo: inamtumikia nani?

Mzee wa Skrini

Hapo kwenye kompyuta ya ghala umenishika, nilikuwa stoo miaka mingi. Nitairudia. Ila nimeona kuna matoleo mawili, nitazame lipi?

Mleta uzi

Anza na la 1979. Lile la 2003 linaitwa toleo la mwongozaji, lakini Scott mwenyewe alisema ameridhika na la kwanza; ni kwamba studio ilitaka kitu kipya cha kuuza. Limepunguzwa sehemu fulani na kuongezwa vipande vilivyoachwa, kikubwa kikiwa kile Ripley anapomkuta Dallas akiwa hai bado, amegandishwa ukutani, anamwomba amuue. Ni kipande cha kutisha, na anayeipenda filamu hii atataka kukiona. Lakini kinamsimamisha Ripley wakati ambapo chombo kinahesabu dakika za kulipuka na yeye anapaswa kukimbia, na mbio ile haipendi kukatwa. Tazama la kwanza usiku, zima taa, ongeza sauti mpaka usikie mashine za chombo zikiunguruma, na usiwaruke wale wawili wanapodai bonasi.